Krismasi Haitakungoja, Rebeka

Rebeka mwanangu,

Umeondoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, nami nawajua ninyi wawili mkikutana, hamwachani mpaka jua lipungue. Basi nimepata mchana wangu. Salome amelala. Yohana yuko uani anaupiga mpira ukutani kwa hasira, na leo sitamkataza. Begi lako liko pale mlangoni limeshafungwa. Nilitaka kulifungua niingize kopo la achari ya maembe, nikajizuia. Huko uendako maembe hayakosekani, na achari nimekufundisha.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kujitanda vizuri, wala za kutotembea peke yako. Hayo umeyasikia mpaka yamekukinai, na mkunga mzima hafundishwi kunawa mikono na mama yake. Nakuandikia kwa ajili ya lile neno la Jumapili.

Tulikuwa tumemaliza kula. Ukasema, kwa sauti ile yako ya kuomba kitu ambacho umeshakipanga: "Mama, nimeuliza kazini. Likizo nitapata mwezi wa pili. Tuisogeze Krismasi mpaka nirudi. Watoto wamekubali."

Nikasema hapana.

"Hata hujanisikiliza."

"Nimekusikia. Itafanywa siku yake."

Ukakusanya sahani ukaenda kuziosha, na nilizisikia zikigongana kule jikoni zaidi ya kawaida yako. Yohana akaniambia kwamba bila wewe yeye hali, haimbi, wala havai nguo mpya. Tangu siku hiyo unaniitikia vizuri, unanipikia chai, lakini kuna kitu umekiweka kati yetu. Nilishindwa kukueleza palepale kwa sababu sababu yangu ni ndefu, nayo nimekuwa nikikupa vipande vipande tangu ulipokuwa mdogo. Unajua kwamba nilizaliwa Kismayo. Unajua tulikuja Kenya kwa boti wakati wa vita. Unajua babu yako alichechemea mpaka kufa kwake. Kesho unakwenda kwenye mji huohuo, na si haki uende bila kuijua habari yenyewe.

Babu yako alikuwa fundi wa mitambo ya barafu. Alitoka kwetu mtoni Tana akiwa kijana akaitwa kazini Kismayo, kwenye kiwanda cha samaki, akakaa. Alirudi nyumbani mara moja tu kuoa, akamchukua bibi yako wakaenda kuishi mtaa ulio nyuma ya bandari. Nikazaliwa mimi. Baada ya miaka mingi ya kungoja, nikiwa nimeshaanza shule, akazaliwa mjomba wako Maro, huyuhuyu mwenye kitambi anayekutania.

Wakati ule kanisa lilikuwapo mjini, na waumini wachache, wengi wao wageni. Lakini Krismasi yetu haikuwa ya kanisani sana. Ilikuwa ya nyumbani, na nusu yake ilikuwa ya jirani. Jirani yetu aliitwa Bi Esha, Mbajuni wa kisiwa cha Ngumi, na mumewe Shee alikuwa na boti mbili za kuchukulia samaki. Ua wetu na wao ulikuwa mmoja. Sikukuu ikikaribia, Baba alikata debe la samli akatengeneza nyota, akaitoboa kwa msumari matundu madogomadogo, akaweka mshumaa ndani, na watoto wote wa uani tukakaa chini yake kutazama vidoa vya mwanga vikitembea ukutani. Asubuhi ya sikukuu Shee alikuja kutuchinjia jogoo. Baba angeweza kumchinja mwenyewe, lakini Bi Esha na wanawe wasingekula, na Mama alisema Krismasi ya kula peke yetu ni chakula cha mchana tu. Basi Shee alipiga bismillahi, Mama akapika wali wa nazi na ndizi za nazi za kwao mtoni, nami nikapewa sinia lililofunikwa kawa nipeleke kwa Bi Esha kabla sisi wenyewe hatujaonja. Sinia lilirudi na mkate wa mofa, moto bado, na halwa. Watoto wa Kisomali waliniita njiani, "Naayaa! Leo Idi ya nani?" nami nikijibu, "Idi ya Nabii Isa!" kwa sababu ndivyo Bi Esha alivyonifundisha kusema. Na Idi yao ikifika, sisi nasi tulipewa mkono wa Idi kama watoto wengine.

Hivyo ndivyo nilivyojua dunia ilivyo. Nilidhani kila mahali ni hivyo.

Kisha vita vikaingia mjini, vikatoka, vikaingia tena. Kiwanda kilivunjwa, mabomba ya shaba yakang'olewa, na babu yako akarudi nyumbani siku hiyo ameshika bisibisi moja, hana kingine. Wageni walikuwa wameshaondoka. Sisi tulibaki kwa sababu Baba aliamini mambo yatatulia, na kila wiki aliamini tena. Wabajuni nao waliibiwa nyavu, wakaibiwa mashine, kwa kuwa hawakuwa na mtu wa kuwatetea kwa bunduki. Siku moja Bi Esha alikuja kwa Mama akasema, "Mama Mariamu, fungeni. Twende kwetu Ngumi."

Boti iliyokuwa ikitembea ni moja, na ndogo. Waliingia wanawake na watoto, na kaka yake Bi Esha akashika usukani. Boti ya pili mashine yake ilikuwa imekufa, ikaamuliwa Baba na Shee wabaki waifufue, wafuate. Pale ufukweni Maro alimng'ang'ania Baba shingoni. Alikuwa na miaka minne.

"Baba, utakuja?"

"Nitakuja."

"Lini?"

Namwona Mama akimtazama Baba, kama anayemwambia nyamaza. Lakini ni nani awezaye kumnyamazia mtoto anayelia? Baba akasema, "Kabla ya Krismasi. Nitakuja tuchinje jogoo." Maro akaachia shingo. Neno hilo lilimtosha.

Tulipita kisiwa cha Fuma jua likiwa utosini, Mama akitapika na Bi Esha amemshika kichwa, tukafika Ngumi alasiri.

Ngumi ni kisiwa kidogo, Rebeka. Mtoto anakizunguka bila kuchoka. Tulikaa nyumba ya marehemu mama yake Bi Esha, nyumba ya mawe yenye paa la makuti, wao chumba hiki, sisi chumba kile. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi kidogo. Baada ya siku chache hatukuisikia tena. Mimi nilipata marafiki upesi, nikajifunza kusema mchu badala ya mtu, na Mama akinirudi ninaposahau nikalisema mbele yake. Maro hakutaka marafiki. Kila asubuhi alishuka pwani, na kila aliyeshuka chomboni alimshika kikoi akamuuliza, "Umemwona baba yangu? Ana bisibisi mfukoni." Wavuvi walimjua, wakawa wanamjibu kabla hajauliza: "Bado, bwana mdogo." Habari zilizokuja ni kwamba mjini kumefungwa, hakitoki kitu. Halafu kikaja chombo cha watu wenye silaha, wakachukua mchele na nyavu za watu wakaondoka, na baada ya hapo hata habari zikakatika.

Mama aliacha kuzungumza. Alifanya kazi zote, alitupikia, alitusuka, lakini alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Maro alipomuuliza Krismasi lini, alimjibu, "Itakuja na Baba." Nami niliona ni jibu zuri. Niliona ni jibu la mke mwema.

Siku moja tulikuwa kisimani, Mama, Bi Esha na mimi. Bi Esha akasema, "Mama Mariamu, nahesabu hapa kichwani. Idi yenu si karibu?"

"Ni kesho," Mama akajibu.

"Kesho! Na wewe umenyamaza? Nikamate kuku saa ngapi?"

"Usihangaike, Bi Esha. Mwaka huu hatuifanyi mpaka baba yao afike. Nimeiweka."

Bi Esha akaitua ndoo chini. "Umeiweka wapi?"

Mama akaendelea kuvuta kamba ya kisima.

"Nakuuliza. Nionyeshe ulipoiweka, nami nikaweke yangu." Hakuwa anatania. "Mchele huwekwa, nguo huwekwa. Furaha ya mwana haiwekwi, mwenzangu. Huchacha kama tui."

"Nitakaaje nile kuku," Mama akasema, "na sijui kama yu hai?"

"Na mimi je? Shee hayuko huko huko? Wanangu wamekula leo mchana, wamecheka mpaka mmoja kapaliwa. Waniona simpendi mume wangu?"

"Sikusema hivyo."

"Ukikaa na njaa, njaa yako itamtoa mjini? Mchu akiwa mbali hawaombei wanawe wakae wamngoje na matumbo matupu. Awaombea wale." Akaichukua ndoo yake. "Mimi kuku namkamata. Usipotaka kupika, nitapika mwenyewe, na wali wenu wa nazi sijui kuupika, nitauharibu mbele za wana."

Mama alicheka. Alicheka akalia hapohapo, kwa pamoja, ameinamia ukingo wa kisima, na machozi yakidondokea majini. Nilikuwa na miaka kumi, sikuwa nimemwona mama yangu akilia. Bi Esha alimpangusa uso kwa ncha ya leso yake, akaniambia, "Mariamu, vuta maji, usitutazame."

Kesho yake kuku alikamatwa. Alikuwa kuku wa mayai, wa pekee pale nyumbani, na nimekuja kuelewa uzito wake baada ya kuwa na nyumba yangu. Mchele ulitoka majumbani, kikombe hapa, nusu kikombe pale, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa imeporwa. Ndizi hazikuwapo kabisa. Mama alikuna nazi, akapika, na harufu ikajaa njia nzima.

Maro alikataa. Alikaa kizingitini, ameikunja mikono, uso ameuelekeza pwani. "Mimi namngoja Baba. Alisema tutachinja pamoja." Mama alimbembeleza, hakugeuka. Nilimvuta mkono, akaniuma. Hiyo alama ndogo niliyonayo hapa kwenye kifundo cha mkono, uliyokuwa ukiniuliza utotoni, ndiyo hiyo.

Bi Esha akatoka chumbani kwake na tende chache kiganjani, za mwisho alizokuwa nazo. Akaketi kizingitini karibu naye, hakumgusa.

"Maro, wajua Nabii Isa alizaliwa wapi?"

"Zizini. Kulikuwa na ng'ombe."

"Ah. Sisi wazee wetu walitufunza vingine. Sisi twajua Bibi Mariamu alikuwa mbali na watu wake, peke yake, uchungu wa kuzaa umemshika. Akauegemea mtende. Akaona tabu mpaka akatamani afe. Ndipo akaambiwa, usihuzunike, utikise huo mtende. Akautikisa, tende mbivu zikamwangukia. Na maji yakapita hapo chini yake."

Maro akageuza kichwa kidogo. "Mume wake alikuwa wapi?"

"Hakuwa na mchu. Peke yake."

"Akangoja mtu aje?"

"Hakungoja. Alikuwa na njaa, akala."

Maro akafikiri. Akanyoosha mkono, akachukua tende moja, akaila polepole, akaichezesha kokwa mdomoni. Kisha akamtazama Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yao na mwiko mkononi. "Mama, ni mtende au ni zizi?"

Mama hakuwa mtu wa majibu ya haraka. Akasema, "Labda mtende ulikuwa nje ya zizi."

Bi Esha alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mama Mariamu, wewe ungekuwa kadhi!" Na Maro naye akacheka, bila kujua anacheka nini, na kile kilichokuwa kimekaza usoni mwake kikalegea. Akaingia ndani akala. Alikula kuliko sote. Watoto wa majirani walikuja, Mama akawaimbia wimbo wa kwao mtoni, wao wakapiga makofi kwa namna yao ya kisiwani, tofauti kabisa na yetu, na wimbo ukatoka mwingine, mzuri zaidi. Maro alicheza uchi nusu, shati peke yake, mpaka akalala palepale alipoangukia. Hatukuwa na nyota. Hatukuwa na nguo mpya. Hatukuwa na Baba. Ilikuwa Krismasi, Rebeka, na nisingekuambia uongo.

Sasa umejua kwa nini nyumba hii watoto hupewa tende asubuhi ya Krismasi kabla ya chai. Ulikuwa ukiniuliza nikikujibu, "Ni mila yetu." Mila huwa ni kitu kilichowahi kumtokea mtu.

Baba alikuja mwezi ulipokuwa umeandama tena. Alikuja na Shee kwa mtumbwi kutoka bara, si kwa boti. Boti haikufufuka. Wakiwa kwenye kazi yao walivamiwa, Baba akapigwa risasi pajani, na Shee akamburura mpaka nyumbani kwake akamficha. Watu walikuja kuuliza yule mgeni yuko wapi. Shee aliwaapia hajui, na Baba yuko uvunguni anasikia. Mguu ulipoweza kukanyaga, walitoka mjini, wakafuata pwani ya bara kidogokidogo, usawa wa Ngumi wakapata wa kuwavusha.

Tulikimbia sote. Maro akatutangulia, na kabla hajamfikia Baba alikuwa akipiga kelele: "Baba! Krismasi tumeshakula! Kuku ameisha!"

Mama akasimama. Alijifunika mdomo kwa kanga. Nilimwona uso wake na nilijua anawaza nini, kwa kuwa mimi pia niliwaza hivyohivyo: atajisikiaje?

Baba akamwambia Maro, "Mlikula?"

"Tulikula."

"Mliimba?"

"Tuliimba. Mimi nilicheza."

Baba akaketi mchangani, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akaufunika uso kwa mikono yake miwili. Mama akapiga magoti. "Nisamehe, baba Mariamu. Sikukungoja."

"Unisamehe wewe," Baba akasema. "Siku ile ya Krismasi nilikuwa uvunguni kwa Shee, mguu umevimba kama gogo. Mguu haukunisumbua. Kilichonisumbua ni yule mtoto. Nilimwona amekaa mlangoni ananingoja, kwa ajili ya neno langu la kijinga. Nikamwomba Mungu anifute kichwani mwake, japo kwa siku moja. Sasa nimefika, naambiwa alikula, alicheza. Unaniomba msamaha wa nini?"

Tangu siku hiyo babu yako hakumwahidi mtoto siku. Wewe ulimkuta hivyo. Ulikuwa ukimuuliza, "Babu, utakuja lini?" naye akikujibu, "Nikifika utaniona," ukanijia umenuna kwamba Babu hakupendi.

Kutoka Ngumi tulikwenda kisiwa cha Kudha, kutoka Kudha tukavuka mpaka, na maisha yakaanza upya upande huu. Bi Esha na Shee walibaki kisiwani kwao. Baadaye nao walilazimika kuondoka, wakakaa kambini miaka mingi, Shee akafia huko, na Bi Esha akachukuliwa na wajukuu wake Ulaya. Kila Krismasi alinipigia simu, kama nami nilivyompigia kwenye Idi, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Mmekula?" Wewe umewahi kuzungumza naye. Ulikuwa ukilalamika humwelewi anavyosema.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo hawezi kukosea tena. Nilikosea, na aliyeumia ni wewe. Ulikuwa na miaka mitano. Baba yako alikuwa akiendesha lori la Garissa, mvua ikakata barabara, akakwama. Sikukuu ikafika. Nikasema tutamngoja, hawezi kukosa kufika leo. Nilipika nikafunika. Nikapasha, nikafunika. Ulikuwa na lile gauni la njano, ukakaa mkekani ukisikiliza watoto wa jirani wakiimba nje, na nilipokuja kukutazama umelala na viatu miguuni. Wali ulikuwa umeungua chini. Asubuhi uliniuliza, "Mama, Krismasi bado?"

Baba yako alipofika na kusikia, alikasirika, naye si mtu wa hasira. Aliniambia, "Mimi nimekwama kwenye matope siku zote hizo najipa moyo kwamba angalau ninyi mnafurahi. Kumbe hata hilo sikuwa nalo." Maneno ya Baba yangu kabisa, na hawakuwahi kukaa wakazungumza habari hiyo. Nilidhani namheshimu mume wangu kwa kumngoja. Kumbe nilikuwa namtwika mzigo wa pili juu ya ule aliokuwa nao.

Ndiyo maana Jumapili nilisema hapana, upesi hivyo, bila adabu. Niliogopa nikisikiliza nitakubali.

Lakini nimekufikiria. Nadhani najua ulichokitaka. Hukuitaka Krismasi ya mwezi wa pili, hakuna anayeitaka. Ulitaka nikuambie nafasi yako itabaki wazi, ukiwa kule ujue kuna kiti kitupu kinachokungoja. Mwanangu, kiti hakitabaki kitupu. Salome atakikalia, kwa sababu kutoka hapo mkono wake unafika kwenye sufuria. Yohana ndiye atakayesoma habari ya kuzaliwa, naye atakwama kwenye jina la yule liwali Kirenio kama ulivyokwama wewe, na tutamcheka kama tulivyokucheka. Sinia la jirani litapelekwa na nani sijui, watagombana. Tutakutaja, halafu tutaendelea kula. Usidhani huko ni kusahauliwa. Anayekaa mezani mwaka mzima akiwa kivuli ndiye aliyesahauliwa, kwa maana watu hawamkumbuki tena, wanaukumbuka utupu wake.

Na wewe kule usiingoje likizo. Hili ndilo ninaloliogopa zaidi kuliko hayo unayodhani naogopa. Kismayo hutakuta kanisa la kwenda, nawe ni mgeni. Utaishi kwa adabu ya mgeni, na sikukuu yako itakuwa ndogo, ya chumbani. Huenda siku hiyo utakuwa zamu, na wanawake hawachagui siku ya kushikwa na uchungu. Ukitaka kulia, lia. Ukimaliza, tafuta kitu kitamu ule. Mwenzio akikukaribisha sahani yake, ketini mle. Idi yao ikifika, wape mkono wa Idi na ufurahi nao kwa moyo wako wote, usifurahi kwa mdomo. Nimeona watu wengi waliotoka kwao kutafuta kazi wakahesabu miaka kumi ya maisha kama safari, wakisema wataanza kuishi wakirudi. Walirudi wazee.

Usiutafute mtaa wetu kwa ajili yangu. Nyumba ile ina watu wengine, nao wana habari zao. Ila ukimsikia mzazi wodini akisema mchu, msalimie zaidi kidogo. Hiyo itanitosha.

Mpira umenyamaza. Yohana ameingia sasa hivi, jasho tupu, akasimama begani pangu kusoma. Nimefunika karatasi kwa mkono, akaniuliza kama nakuandikia wewe, nikamwambia ndiyo. Basi nikamsimulia, kwa kifupi, habari ya Maro na kizingiti, na ya babu yake uvunguni. Alisikiliza hajatikisika. Unajua si kawaida yake.

Akauliza, "Kwa hiyo tutaimba Rebeka hayupo?"

"Tutaimba."

"Akipiga simu akatusikia, hatalia?"

"Atalia kidogo."

"Halafu?"

"Halafu atasikia tunaendelea, naye ataendelea."

Amekwenda mpaka mlangoni, akalisogeza begi lako kwa mguu apite, akageuka. "Basi mwambie tutaimba kwa nguvu. Kismayo ni mbali."

Mimi niliyekuzaa, ninayekukatalia kwa mapenzi,

Mama